Nyama Si Mshtakiwa wa Kwanza

Ukivimba kidole gumba cha mguu hapa Roret, majirani hutoa hukumu kabla hujavua gambuti: jongo hilo, yaani gauti, acha nyama! Nyama ina hatia, sikatai. Lakini waliopandisha asidi ya yuriki, ile inayoleta jongo, ni wengi, na wakubwa wao hawajakamatwa. Tuwahesabu kuanzia mdogo.

6. Soda. Fruktozi ya sukari yake ikivunjwavunjwa kwenye ini huzalisha asidi hiyo. Kiu ya kuchuma majani chai ni ya maji. Soda ingoje harusi.

5. Nyama, hasa ya ndani. Maini, figo na omena wa Ziwa Viktoria wana purini nyingi, na purini ndiyo mwili huigeuza kuwa asidi ya yuriki. Maharagwe nayo yanayo, ila yaacheni sufuriani: utafiti wa Marekani uliofuata wanaume 47,150 kwa miaka 12, ukachapishwa 2004, haukuona mboga za purini zikileta jongo. Wanywaji wa maziwa ndio walioumwa kidogo zaidi. Wafugaji, furahini!

4. Bia na busaa. Pombe hupiga zamu mbili: huongeza asidi, kisha huzizuia figo kuitoa. Chachu yake inaongeza purini juu. Mgeni gani huyo, anakula chakula chako na kufunga mlango wa choo?

3. Ukoo. Babu hakukuachia shamba la chai peke yake.

2. Dawa. Hapa tutulie. Vidonge vya presha vya kukojoza, kama haidroklorothiazaidi na furosemaidi, huibakiza asidi mwilini. Pirazinamaidi ya TB huipandisha pia, kwa wengi bila maumivu yoyote. Tafadhali usiache dawa kwa sababu hiyo! Jongo linauma, lakini TB na presha zinaua. Mwambie daktari: losartani, kwa mfano, hushusha presha na asidi pamoja.

1. Figo. Theluthi mbili hivi ya asidi hii hutoka kwa mkojo, na wengi wenye kiwango cha juu wana shida zaidi ya kuitoa kuliko ya kuila. Presha, kisukari na unene huzichosha figo kimyakimya, huku sisi tukigombana na mbuzi.

Ukienda kupimwa Kapkatet au Litein, omba kreatinini ipimwe pamoja na asidi ya yuriki. Kipimo cha asidi peke yake hakitakwambia figo zako zikoje.