Sifa za Fundi Rangi Asiye na Suruali

Tangu enzi za Muyaka, washairi wa Mvita wamesifu na kukejeli kila kilichopita mbele yao, lakini mtoto wa miaka miwili mwenye bakuli la rangi bado sijasikia aliyemtolea ubeti. Deni hilo acha nililipe mimi, mpangaji wa huku Kisauni. Nitalilipa kwa nathari, maana kutafuta vina huku umeshika kitambaa cha deki si kazi ndogo.

Fundi huyu hakusumbui kwa orodha ya vifaa. Rangi yake ni uji tu: unga wa ngano, chumvi na maji, unakoroga motoni hadi uwe mzito, unaupoza, unaugawa vibakulini. Njano inatoka kwenye manjano ya mchuzi, nyekundu ni ile rangi ya mabuyu, nyeusi ni mkaa uliotwangwa na kuchungwa. Nili ya kufulia haimo, kwa sababu fundi huonja kila kitu kabla hajakipaka. Rangi kuukuu ya kopo nayo haimo, kwa sababu huenda ina madini ya risasi, na hapo mzaha nauweka kando: watu wa Owino Uhuru, kule Mikindani, wanajua madini hayo yanavyomharibu mtoto. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa sumu iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Uji wetu, akiumeza, amekula uji.

Sasa mtazame kazini. Umemvua nguo zote, umekunja mkeka, umetandika leso iliyochakaa, juu yake karatasi. Karatasi anaipa kidole kimoja, kwa heshima tu. Kidole cha pili kinakwenda kitovuni, kiganja kizima kinakwenda gotini, halafu anasimama, anayumba, anajishikiza ukutani. Ukuta umepigwa chokaa juzi. Alama ya kiganja inakaa pale ikiwa ya njano, na ukiendelea kuitazama inageuka nyekundu kama mate ya tambuu. Manjano yakikutana na chokaa ndivyo yanavyofanya. Mama yake ataliona jambo hilo tena jioni akifikicha dera kwa sabuni ya mche: doa la njano linageuka jekundu mkononi mwake, na jina langu linatajwa. Dawa yake ni jua. Lianike dera siku mbili tatu, manjano yatapauka yenyewe. Sebule yetu, kwa bahati mbaya, haiingii jua.

Wanaomwona mharibifu wamkumbuke Congo, yule sokwe wa London aliyepewa kalamu, kisha brashi, na mtaalamu wa wanyama Desmond Morris katika miaka ya 1950, naye akiwa na umri wa miaka miwili hivi. Ukimnyang'anya karatasi kabla hajamaliza, anapiga mayowe. Akishamaliza, hata umbembeleze vipi haongezi mstari. Mwaka 2005 picha zake tatu ziliuzwa mnadani huko London kwa zaidi ya pauni 14,000. Tabia ni zile zile za fundi wangu. Tofauti ni kwamba walezi wa Congo hawakukatwa depoziti ya nyumba.

Na ujasiri wake je! Nchi hii imezoea kupakwa rangi kwa amri. Mwaka 2004 sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilifuta michoro ya matatu, zikazivisha mstari wa manjano. Mwaka 2018 kaunti ikaamuru majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yawe meupe na buluu. Watu wakanung'unika, wakaenda kununua makopo. Fundi wangu hajasoma notisi hata moja. Amri pekee anayoijua ni ya nyanya yake, "We mwana, tizama ukuta wa watu!", na hiyo huiitikia kwa kupaka haraka zaidi.

Faida zake kwa jamii sitazimaliza. Mgeni asiyebisha hodi mapema husimama mlangoni, akalitazama kochi, akakumbuka ameacha chungu motoni. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa akigoma kuoga, sasa hukimbilia beseni ili amtangulie. Maji ya kisima chetu yana chumvi, sabuni haitoi povu, kwa hiyo mtoto aliyejipaka mkaa hadi masikioni hula mtungi mzima wa lita 20 wa maji matamu ya mkokoteni. Muuza maji akipita siku hizi huuliza kwanza: "Leo fundi yuko kazini?"

Lakini kubwa kuliko yote ni hili. Bomba la bafuni lilikuwa likivuja tangu Ramadhani. Nilipiga simu, nikatuma ujumbe, nikamwona keateka; mwenye nyumba yuko safarini. Habari za viganja ukutani zilipomfikia, safari ikaisha usiku ule ule. Asubuhi akaja, kanzu imenyooka, akavua viatu kwa adabu, akakanyaga uji. Tukamshika mkono, tukampeleka bafuni akaoshe mguu, na hapo akaliona bomba kwa macho yake mwenyewe. Fundi wa bomba anakuja Jumamosi. Ukuta, amesema, utakatwa kwenye depoziti. Alipokuwa akiaga, fundi rangi akamkumbatia miguu kwa mikono yote miwili, ya njano, na mimi nikamfuata hadi nje kumwambia, "Mzee, hiyo kanzu usiitie sabuni. Ianike juani kwanza."