Sifa za Dirisha la Magharibi

Dirisha la magharibi ni mtumishi pekee wa ofisi ya pamoja ya Dodoma ambaye hadai posho, haombi ruhusa na hufika kazini saa nane mchana bila kukosa. Madirisha ya kaskazini na kusini ni mavivu: Dodoma iko takribani nyuzi 6 kusini mwa ikweta, jua la mchana hupita karibu na utosi, na upenu mfupi hutosha kuyapumzisha. La mashariki hujitahidi, lakini hufanya kazi asubuhi, hewa ikiwa bado ya ubaridi. La magharibi husubiri ukuta, lami na hewa vipate moto, kisha hulipokea jua likishuka chini ya upenu, mahali ambapo fundi hakuweka kinga yoyote.

Hata saa rasmi humsaidia mtumishi huyu. Inafuata nyuzi 45 mashariki, ilhali Dodoma iko karibu na nyuzi 36. Kwa wastani jua hufika kileleni dakika 37 baada ya saa sita. Kwa hiyo saa tisa alasiri bado lina nguvu, hasa Oktoba na Novemba, mvua zikiwa bado hazijaanza.

Wagogo wa zamani, wenyeji wa Dodoma, walijinyima neema hii. Tembe lao, lenye kuta nene za fito na udongo, paa bapa na vitundu vidogo, lilikaa gizani na kwenye ubaridi. Ofisi zilizofuata uhamisho wa Serikali kwenda Dodoma ulioanza mwaka 2016 zimerekebisha kasoro hiyo kwa vioo vipana vya alumini.

Kazi kubwa ya dirisha hili ni kupanga vyeo. Anayeligeuzia mgongo huliona dirisha lenyewe kwenye skrini badala ya jedwali la bajeti. Anayelielekea hukunja uso kama mla ukwaju. Anayekaa ubavu kwa dirisha huona vizuri, naye kwa kawaida ni mkuu wa kitengo. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hupewa kiti cha dirishani, pamoja na maboksi ya karatasi ya kuzibia kioo.

Pazia la ndani hulifariji tu: jua limeshapenya, na joto linalotoka kwenye meza na mafaili halirudi nje kirahisi kupitia kioo. Kiyoyozi huongeza uhasama, maana aliye chini yake huvaa sweta huku wa dirishani akijipepea kwa dokezo lisilosainiwa. Adui wa kweli wa dirisha hili huwa nje: kibaraza, vibao vya wima ukutani, au mwarobaini uliopandwa upande wa machweo.

Juni na Julai, upepo wa baridi ukivuma, kiti cha dirishani hugombewa na wenye vyeo, na mwanafunzi huhamishiwa mlangoni.