Sifa Zake Bwana Tuma-kwa-Namba-Hii

Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini. Walisema hivyo kwa kuwa hawakuwa na simu. Yuko mtu nchini hapa asiyenijua kwa sura wala kwa jina, asiyejua kama hapa Moshi nalala Majengo au Shanty Town, naye ananithamini kuliko ndugu zangu wa damu. Hunikumbuka asubuhi kabla sijanywa chai. Hunikumbuka nikiwa ibadani. Mwezi Januari, ada za shule zinapobana na ukoo mzima umegeuka bubu, yeye peke yake hanitupi. Huniandikia: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, ile nyingine ina tatizo. Jina litakuja la shemeji."

Wakubwa wamesifiwa vya kutosha. Wana wapambe, wana matarumbeta, wana mabango pale mnara wa saa. Huyu wangu hana hata mjumbe wa nyumba kumi wa kumsemea. Na si mwiko kumsifu asiyesifika. Zamani Lucian wa Samosata alimwandikia nzi sifa zake, na mwaka 1511 Erasmus wa Rotterdam alichapisha kitabu kizima cha kuusifu upumbavu. Kama nzi alipata wakili, Bwana Tuma-kwa-Namba-Hii akose ana nini?

Tuanze na nasaba, maana hapa mlimani Kilimanjaro mtu huulizwa kwanza ni wa ukoo gani. Huyu ni wa ukoo mkubwa. Babu yake wa Ulaya, karne ya 19, alijifanya mtu mwenye mali aliyefungwa gerezani Hispania, akaandikia watu barua wamtumie fedha kidogo za kumkomboa, naye angewagawia hazina yake. Binamu zake wa Nigeria walichukua kazi hiyo kwa faksi na baruapepe, wakapata heshima ya kuitwa kwa namba ya kifungu cha sheria, 419. Tawi la Tanzania lilistawi baada ya mwaka 2008, Vodacom ilipoleta M-Pesa na mitandao mingine ikafuata nyuma.

Tusijidanganye kwamba kabla ya hapo tulikuwa peponi. Mtoto aliyefanya kazi Dar alitia hela ya mama yake kwenye bahasha, akaibandika gundi, akaandika juu "Mama, Mkuu Rombo", akamkabidhi kondakta wa basi pamoja na dua. Bahasha nyingine zilifika. Nyingine zilifika zikiwa nyepesi. Lakini bahasha ikipotea, kondakta alijulikana. Kesho yake alisimama palepale stendi ya Moshi akiita abiria, na mwenye mali alijua pa kumshikia shati. Bwana Tuma ametuondolea karaha ya kushikana mashati.

Elimu yake sasa. Watafiti huja vijijini na madodoso, wanakaa miezi, wanaondoka na tasnifu. Yeye bila kutoka kitandani amegundua jambo kubwa kuhusu Watanzania: kwamba saa yoyote unayotaja, mamia kwa maelfu ya watu wako mbioni kumtumia mtu hela. Kuna ada, kuna kodi ya nyumba, kuna mchango wa harusi, kuna rambirambi, kuna fundi aliyegoma kuezeka mpaka aone kitu. Hana haja ya kujua jina lako. Anatupa ujumbe kwa watu elfu, akijua mmoja wao kidole kiko tayari kwenye kitufe.

Mmoja huyo siku hiyo alikuwa mama muuza ndizi wa soko la Mbuyuni. Mzigo wake ulikuwa unateremka kutoka Kibosho, na mwenye mzigo alisema atatoa namba ya kulipia. Ujumbe ukaingia. Mama akafuta mkono kwenye khanga, akaandika namba, akaandika kiasi. Simu ikamletea jina asilolijua kabisa. Hapo mtu mzima angeshtuka, lakini Bwana Tuma alishalipitia hilo mapema: jina litakuja la shemeji. Mama akaweka namba ya siri. Baada ya dakika chache mwenye ndizi akapiga: "Mama, mbona kimya?" Ndizi zilikuwa pale, mbichi, zimepangwa kichwa juu kichwa chini, na hela za kuzilipia hakuna tena. Ukitaka kumpima mwandishi, mpime kwa sentensi moja inayomfanya msomaji asiamini macho yake mwenyewe. Tunao washairi wenye tuzo ambao hawajafika hapo.

Fadhila ya kwanza ni usawa. Humwandikia daktari bingwa kama anavyomwandikia mbeba mizigo wa Kiborloni, tena kwa maneno yaleyale. Haulizi dini, chama wala kabila. Ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro mstari wa mbele kwa majaribio ya utapeli wa simu. Tazama basi jinsi salamu zinavyotoka huko zikavuka nchi nzima kumtafuta bibi wa Uru asiyewahi kufika Same. Nani tena anajenga umoja wa kitaifa kiasi hicho, na kwa gharama zake?

Fadhila ya pili ni ualimu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wetu wakakaa kwenye madawati ya wajukuu kujifunza a, e, i, o, u. Walifundishwa kusoma. Kukishuku kilichosomwa halikuwa somo la mwaka ule, na Bwana Tuma amelichukua bila mshahara. Leo bibi mwenye kitochi anausoma ujumbe mara mbili, anaugeuzageuza, anamwita jirani. Ni uhakiki ambao vyuo vingi vinautafuta kwa wanafunzi wao bila mafanikio.

Fadhila ya tatu ni kuchangamsha serikali. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda watu dhidi ya wenzake. Mwaka 2019 nchi nzima ilianza kupanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole, mwisho ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, na mtu asiye na namba ya kitambulisho ya NIDA alikiona cha moto. Tuliambiwa baada ya hapo kila laini itakuwa na mwenyewe. Ni kweli, kila laini ina mwenyewe. Ila kijana wa kusajili laini chini ya mwamvuli alimwambia mzee, "Weka tena kidole, babu, hakijasoma," na babu akaweka, na akaweka tena, maana vidole vya mkulima wa kahawa vimesuguka na mashine huvikataa kweli. Siku alipoonyeshwa kubonyeza *106# alikuta ana laini zaidi ya ile anayoijua. Mzee ambaye hajawahi kumiliki simu mbili amekuwa, bila kuombwa ridhaa, mdhamini wa Bwana Tuma.

Wapo watakaosema kuna mengine ya kusifia katika zama hizi za taarifa. Sikatai. Mwaka 2022 shirika la simu TTCL lilipandisha intaneti ya kasi Mlima Kilimanjaro, kwanza hadi kituo cha Horombo, mita 3,720, na kabla ya mwaka kuisha hadi kileleni Uhuru, mita 5,895. Mpagazi aliyeishiwa pumzi anaweza kuomba msaada, na mtalii anaweza kumwonyesha mkewe barafu papo hapo. Ni jambo jema. Mkulima wa Machame naye, ambaye baba yake alisubiri karani wa chama cha msingi amtajie bei ya kahawa, sasa anaisoma bei ya mnada wa Moshi kwenye simu, na akitaka anaisoma na ya New York kabla karani hajaamka. Ila kuijua bei si kulipwa bei. Taarifa inamfikia kwa sekunde, malipo ya pili yanamfikia akiwa ameshasahau aliuza kilo ngapi. Kwa Bwana Tuma tu ndiko taarifa na hela zinakwenda kwa mwendo mmoja, ingawa zinapishana njiani.

Nimlinganishe pia na wenzake wanaokaa ndani ya simu hiyohiyo. Yuko mganga anayerudisha mume kwa saa moja. Yuko wakala wa Freemason anayeandikisha wanachama wa siri kwa tangazo la wazi. Na liko grupu la ukoo, ambako shangazi husambaza dawa ya kisukari iliyogunduliwa juzi, pamoja na onyo kwamba usipoituma kwa watu kumi utapata hasara. Bwana Tuma ana adabu kuliko hao. Hataki uache dawa za hospitali. Hakutishii laana. Anataka hela tu, na akishaipata hakusumbui na kheri ya Krismasi.

Ningemaliza hapa kama sifa zake zingekuwa zinaishia kwa walioibiwa. Zinafika mbali zaidi. Juzijuzi binti wa chuo aliibiwa mkoba pale stendi, saa za jioni, gari la mwisho la Tarakea likiwa linajaza. Akaazima simu ya muuza maji, akamwandikia mjomba wake ambaye namba yake aliikumbuka kichwani: "Mjomba ni mimi, nimeibiwa, nitumie nauli kwenye namba hii." Kila neno lilikuwa la kweli. Mjomba akasoma, akacheka, akajibu: "Tafuta wajinga wenzako." Kisha akaupiga picha ujumbe ule na kuutupia kwenye grupu la ukoo watu waone alivyo mjanja. Binti alilala kwenye kibanda cha mama lishe aliyemhurumia, mtu asiyemjua.

Hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Hela za mama wa Mbuyuni zinaweza kutafutwa tena, ndizi zitaota. Alichokichukua kwa mjomba hakirudi kwa wakala. Sisi watu wa mlimani tumeishi kwa namba ngeni miaka mingi kabla ya simu: mgeni alipiga hodi usiku, akataja ukoo wake, akapewa kiti na kata ya mbege. Tapeli alisoma ukarimu huo, akagundua una thamani, akautoa wote kwa mkupuo. Sasa tuna taarifa nyingi kuliko kizazi chochote kilichopita, na mtu mwenye shida ya kweli anafanana herufi kwa herufi na mwongo.

Hata hivyo sijui mlima unaoshindwa na tapeli mapema. Bibi mmoja wa Marangu Mtoni alipigiwa simu na "mjukuu" aliyepata ajali Dar, anayetumia simu ya msamaria, anayehitaji laki mbili za hospitali upesi. Bibi hakubisha. Akamsalimia kwa Kichagga, "Shimbonyi, mjukuu wangu."

Kimya.

"Bibi, mtandao unasumbua."

"Huku hausumbui. Haya, na yule ng'ombe wa mama yako, kazaa dume au jike?"

Simu ikakatwa. Bibi akarudi kwenye mahindi yake.

Huo ni usajili ambao kijana wa mwamvuli hawezi kuuza. Kichagga cha Machame si cha Vunjo, cha Vunjo si cha Rombo, na kidole kinaweza kuazimwa lakini habari za zizi la mama yako haziazimwi. Siku hizi zipo programu za akili mnemba zinazoweza kuiga sauti ya mtu mpaka kikohozi chake. Sawa, ziige. Zitamjibu nini bibi kuhusu ng'ombe? Kasoro ya mtihani huo ni moja tu: wajukuu halisi waliozaliwa Kimara na Mbezi nao wanaufeli. Mwaka jana mmoja alinyimwa nauli na bibi yake mzazi kwa kushindwa kuitikia salamu, ikabidi baba yake aingilie kati. Nimesikia sasa anafundishwa, na kila Jumapili anapiga simu kuuliza hali ya mifugo. Bibi anasema hajawahi kupigiwa simu nyingi hivyo tangu alipopata simu.

Kwa hiyo na hilo nalo tumhesabie Bwana Tuma: amewalazimisha wajukuu kujulikana. Tulidhani zama za taarifa zitatuepusha na kazi ya kufahamiana, kwamba ujumbe ukifika inatosha, hata usipokuwa na mjumbe. Yeye ametuonyesha, kwa hela zetu, kwamba ujumbe usio na mtu nyuma yake ni herufi tu. Ukitaka usaidiwe siku umeibiwa stendi, piga simu siku ambazo hujaibiwa.

Mtu wa namna hii hastahili kuachwa hivihivi. Ameniomba mchango mara nyingi, na mimi nimekuwa mzito. Leo nimeamua kumlipa sifa zake zote. Nimeichukua namba yake, nimeinakili bila kukosea hata tarakimu moja, na nimeituma kwa watu wanaoweza kumtunza ipasavyo, TCRA, kwa 15040. Nawasihi wasomaji, kila mmoja anayeipata heshima ya kuandikiwa naye, asiwe mchoyo.