Jinsi ya Kumkaribisha Bundi Qantab Bila Kugombana na Bibi

Anza na bibi. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyekulia Unguja au Pemba, usipande ngazi na nyundo kabla hujamweleza. Kwake bundi akilia juu ya paa ni habari ya msiba, na ubani utafukizwa kabla hujashuka. Mwambie kwa adabu: "Bibi, huyu anakula panya, mende na nge." Hapo kwenye nge ndipo atakaposikiliza.

Wa kualikwa ni bundi mdogo, sentimita 22 hivi, mwenye macho ya njano, anayependa majabali kama haya yanayoizunguka pwani yetu ya wavuvi hapa Qantab, karibu na Maskati. Huna haja ya kukesha. Hutoka hata mchana, akasimama juu ya jiwe, akakukazia macho huku akiinua na kushusha kichwa.

Sanduku la kiota liwe la mbao nene, tundu la sentimita 7, na ndani ubao wa kukinga mwanga, maana anataka chumba chenye giza. Bati usiliguse: mwezi wa Mei joto la Maskati huvuka nyuzi 40, utawaoka makinda. Litundike kivulini, tundu lisitazame magharibi, toboa vijitundu vya hewa chini ya kifuniko, na paka wasiweze kulifikia. Liwe tayari kabla ya baridi kwisha.

Akishataga, mhesabu kuwa ni mzazi aliye ndani ya arobaini. Jike hulalia mayai 3 hadi 5 kwa wiki nne hivi, dume ndiye anayeleta chakula, na makinda hutokeza mlangoni baada ya kama mwezi mwingine. Muda wote huo hakuna kufungua kifuniko, hakuna simu yenye taa, hakuna mjukuu kupandishwa ngazi. Akitishwa anaweza kuyasusa mayai. Wewe zima taa ya uani, kaa mbali na darubini yako jua likizama, umwone dume akitua na panzi mdomoni.

Na masikio yafanye kazi. Mwaka 2013 Magnus Robb, mrekodi wa sauti za ndege, alikuwa akirekodi sauti za usiku katika milima ya Hajar hapa Omani, akasikia bundi asiyemtambua. Leo tunamwita bundi wa Omani. Robb alimjua kwa mlio kabla ya sura.

Asubuhi okota vidonge vikavu anavyovitapika bundi wako. Kimoja kivunje juu ya karatasi mbele ya bibi: manyoya, vifupa vyembamba kama sindano, magamba ya mende. Hakuna maneno yatakayomtetea bundi zaidi ya hayo.

Lakini kabla hujanunua hata ubao mmoja, pita kwa majirani uwaombe waache sumu ya panya, watumie mitego. Panya aliyekula sumu anaweza kumuua bundi aliyemla, na makinda yakabaki na njaa. Majirani wakikataa, usitundike sanduku.