Mwanga Ulioongezeka Njiani

Fundi faiba mmoja wa Dar es Salaam alimpelekea msimamizi wake ripoti iliyomfanya mzee yule avue miwani, aipanguse, kisha aivae tena. Upotevu wa mwanga: hasi nusu desibeli. Kwa maneno mengine, mwanga uliingia upande huu, ukatokea upande wa pili ukiwa na nguvu zaidi. Kijana alikuwa amegundua kiwanda cha mwanga ardhini, na wenye umeme wao hawana habari.

Ukweli ulikuwa mfupi. Kabla ya kupima, fundi huunganisha chanzo cha mwanga na pawamita, kipimo cha nguvu ya mwanga, kwa waya mfupi wa majaribio, kisha huweka sifuri. Hapo anaiambia mashine kwamba huu ndio mwanga kamili. Huyu aliweka sifuri ncha zikiwa chafu, ndipo akakumbuka kuzisafisha. Mwanga ukapita vizuri kuliko mwanzo, mashine ikaandika faida.

Uchafu wenyewe ni wa kuutafuta kwa darubini. Kiini cha faiba ya singomodi kina upana wa mikromita 9 hivi, kwa hiyo chembe moja ya vumbi inatosha kuziba njia. Dawa yake ni kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti ya isopropili. Lakini shati lipo karibu, tena limetoka kula chipsi mayai.

Usalama nao una vituko vyake. Mwanga wa kupimia ni wa nanomita 1310 au 1550, na jicho la binadamu huishia karibu 700, kwa hiyo haliuoni.

“Mbona siuoni, mwanangu? Unawaka kweli?” mama mteja anauliza, huku akiinamia ncha ya waya.

“Usichungulie, mama, shikamoo!” Salamu hiyo ilichelewa, ila mkono uliwahi.

Wajanja huelekeza kamera ya simu kwenye ncha, na wakiona giza hutangaza kwamba laini imekufa. Kamera za kawaida haziuoni mwanga huo hata kidogo. Giza la simu si ushahidi wa lolote. Pawamita ndiyo yenye jibu.

Mama huyohuyo alileta sambusa za moto mezani, katikati ya vipande vya faiba. Fundi alikataa kuzigusa hadi akusanye vipande kwa utepe wenye gundi, avitie kwenye chupa yenye kifuniko na kunawa. Ni kioo, chembamba, hakionekani vizuri. Mama alinong’ona kwamba vijana wa siku hizi wana maringo.

Lakini kituko cha gharama kubwa kilikuwa cha OTDR, mashine inayotuma mwanga na kuhesabu muda wa mwangwi wake ili kujua umbali wa hitilafu. Lazima iambiwe jinsi kioo kinavyoupunguzia mwanga mwendo, yaani kipeo cha mpindo, ambacho kwa faiba ya kawaida ni kama 1.468. Mtu akaandika 1.5. Tofauti inaonekana ndogo, ila kwenye kilomita 20 inafupisha umbali kwa zaidi ya mita 400. Mafundi wakachimba katikati ya bustani ya mchicha, wakaukuta waya mzima kabisa.

Mwenye mchicha aliwatazama weee, halafu akauliza kwa nini hawachimbi kule mbele, penye mwembe, ambako juzi katapila lilikuwa linafukua mtaro wa mabomba ya maji.