Panya Msulini, Mrumi Kwenye Basi

Wengi wakisikia Kilatini huwaza kanisa, mahakama na majina ya dawa. Lakini utamu wa Kilatini kilichomo ndani ya Kiingereza uko shambani, jikoni na barabarani. Tuhesabu kinyumenyume.

6. "Plumber." Fundi bomba. Warumi waliita madini ya risasi plumbum, na mabomba yao mengi ya maji yalikuwa ya risasi. Fundi wa leo hubeba mabomba ya plastiki, ila jina lake bado ni zito!

5. "Muscle." Limetoka kwenye musculus, yaani panya mdogo. Kunja mkono uone kinachotembea chini ya ngozi. Nyinyi mnaonyanyua vyuma kila jioni, hongereni kwa ufugaji.

4. "Companion." Com ni pamoja, panis ni mkate, mwenzio ni yule mnayekula naye mkate. "Company" nalo limezaliwa humo humo. Kwa hiyo bosi anayefuta chai ya saa nne anaibomoa kampuni tangu kwenye jina.

3. "Salary." Mzizi wake ni sal, chumvi. Tafadhali, tuache kusimulia kwamba askari wa Roma walilipwa magunia ya chumvi! Undugu wa maneno ni wa kweli, lakini hakuna andiko la enzi zile linaloonyesha malipo hayo. Askari walipokea sarafu. Kuyeyuka kabla ya mwisho wa mwezi, hilo ndilo mshahara ulilorithi kwa chumvi.

2. "Rival." Hili nalipenda mno. Rivus ni kijito, na rivalis ni jirani mnayechota naye maji kwenye kijito kimoja. Aliyewahi kugombea zamu ya kumwagilia shamba hahitaji kamusi hapa. Warumi wenyewe walilitoa mtoni mapema wakalipeleka kwenye mapenzi: mwandishi wao wa vichekesho, Plautus, alilitumia kwa wanaume wawili wanaompenda mwanamke mmoja.

1. "Bus." Bingwa! Kwa Kilatini, omnibus ni "kwa wote". Miaka ya 1820 huko Ufaransa, magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi yaliitwa hivyo, na mwaka 1829 George Shillibeer akaanzisha safari za aina hiyo London, kati ya Paddington na Bank. Baadaye watu wakalifupisha jina, tena kwa shoka: wakatupa omni, yenye maana ya "wote", wakabaki na bus, kiambishi tamati kinachobeba "kwa" peke yake. Shina limetupwa, mkia unaendesha safari! Kiswahili kikaupokea mkia huo, kikautilia irabu, likawa basi. Na makonda wetu, bila darasa hata moja la Kilatini, wamewarudisha wale "wote" waliotupwa: panda tu, nafasi ipo, sogeeni nyuma.