Sauti Safi Kupita Kiasi

Katika fitina zote ambazo vyombo vya umeme vimepata kuzitia baina ya watu wa nyumba moja, sidhani kama ipo iliyoingia kwa ulaini kuliko ile ya kisahani cha sentimita 12, ambacho shemeji yangu, mtu mwenye adabu zake na mshahara wake wa Muscat, alitujia nacho Mombasa pamoja na mashine ya kukichezea, akatuhutubia baada ya alasiri kwamba CD tulizozistarehea umri wote huu zilikuwa zikitudhulumu masikio.

Kwa insafu, hoja yake ilikuwa na hesabu. CD ya kawaida, waliyoizindua Philips na Sony mwaka 1982, huipima sauti mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo hupewa tarakimu 16 za sifuri na moja. Ilhali Super Audio CD, ambayo makampuni hayo hayo yaliitoa mwaka 1999 (mfanyabiashara haoni haya kukuuzia dawa ya maradhi aliyokuuzia yeye), huchukua tarakimu moja tu kwa wakati, lakini zaidi ya mara milioni 2.8 kwa sekunde. Asilolitaja shemeji ni kwamba sikio la binadamu, hata la kijana, hukoma kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, ambako CD hufika na kupita kidogo, na kwamba sikio la jirani yetu Maalim, aliyealikwa kuwa kadhi wa shauri hilo, lilikwisha kustaafu zamani kabla ya hapo.

Sahani iliyochaguliwa ni The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, toleo la 2003, yenye tabaka mbili zilizolaliana, ya CD na ya hiyo sauti tukufu. Ilianza ya CD: mapigo ya moyo yakaja taratibu kutoka mbali, na baadaye kidogo saa nyingi zikagonga kwa pamoja, Maalim akainuka kuulizia maghribi. Tulipokwisha kumkalisha, shemeji akabonyeza kitufe kwa taadhima, tukaingia tabaka ya pili, na maadam tulijua kwamba muziki huo huanza kwa sauti ya chini mno, tulisubiri. Tulisubiri sana. Feni ilizunguka, muuza kahawa akapita na vikombe vyake, shemeji kafumba macho.

"Mashaallah, mwanangu," Maalim akasema, kwani si mtu wa kumvunjia mgeni heshima. "Hii safi. Hata mkwaruzo hauna."

"Ndio utulivu wenyewe huo, Maalim. Kwenye CD huupati."

"Mbona mmezima?" mke wangu akauliza kutoka jikoni.

Ikabainika kwamba mashine ilikuwa imeungwa kwa waya mmoja wa dijitali, mlango ambao wenye sahani hizi, kwa kuwahofu wezi wa nakala, hawakuruhusu sauti yao ipitie. Ilipasa kutumia zile nyaya mbili za kale, nyekundu na nyeupe. Zikatafutwa, zikaungwa, na mpwa wangu akawekwa nyuma ya pazia abadilishe tabaka bila sisi kuona. Hadhirina wote wakaichagua ya pili, na shemeji alikuwa keshaanza kupokea pongezi pale binti huyo alipoeleza kwamba ya pili aliipandisha sauti kidogo, kwa kuwa mke wangu alitaka kuisikia jikoni. Na hiyo ndiyo hila kongwe ya wauza redio: chenye kuvuma zaidi, hata kwa kiasi kisichotambulikana, sikio hukihukumu kuwa ndicho bora.

Nikamtajia habari za Meyer na Moran wa Boston, waliochapisha mwaka 2007 matokeo ya kuipitisha sauti ya sahani hizi katika kipimo cha CD kisha kuwauliza watu ipi ni ipi: katika majaribio 554 walipatia 276, yaani kama waliorusha sarafu. Hata hivyo mabwana hao walikiri kwamba sahani hizo aghalabu husikika vizuri, kwa sababu mafundi huziandaa kwa uangalifu zaidi, na mimi naona fedha ya mtu iende kwa mikono ya fundi huyo, si kwa mamilioni ya tarakimu.

Shemeji akajibu kwamba nyaya za Boston huenda zilikuwa hafifu, na kwamba hapa kwetu mkosa ni feni, akaomba izimwe. Ilikuwa Februari, kaskazi imekwisha kulegea na mashati yametugandama migongoni. Mke wangu akatoka jikoni kumtazama tu. Hapo Maalim, kwa upole, akaomba kama haitakuwa taabu arudishiwe ile safi ya mwanzo, apate kumalizia kahawa yake.